Moto Usiomjua Aliyeuwasha: Uchambuzi wa Kisa cha Kambi Moja Hyrule

Kisa ni hiki. Bokoblin wanne, viumbe maadui wa gemu, wameuzunguka moto katikati ya uwanda wa nyasi, nyama ikichomeka juu yake. Wa tano yuko juu ya jukwaa la ulinzi na upinde wake. Silaha zao, mikuki na marungu ya mbao, zimeegemezwa pembeni, na hatua chache kutoka hapo kuna mapipa mekundu ya baruti. Mchezaji yuko kilimani, bado mchanga kwenye gemu: mioyo yake, yaani kipimo cha uhai wake, haizidi minne, ana upanga mmoja wa chuma uliochakaa, ngao ya mbao, upinde, na mishale ya kawaida ya kuhesabika. Akishuka kupambana nao ana kwa ana, watamuua.

Gemu yenyewe ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyotolewa na Nintendo tarehe 3 Machi 2017 kwa mashine za Switch na Wii U. Kambi za namna hii zimetapakaa Hyrule nzima, yaani nchi ya gemu hii, kwa hiyo hakuna haja ya kuitaja moja. Aliyecheza saa chache tu ameshakutana nayo. Nimeichagua kwa sababu mapambano haya ya dakika tatu yanaonyesha wazi ni nini kinachoufanya ulimwengu wa gemu uwe hai, na ni nini kinachoufanya ubaki pazia lililochorwa nyuma ya mchezaji. Pia nimeichagua kwa sababu gemu hii inasifiwa sana kwa jambo ambalo silo. Watu husema ina vitu vingi vya kuchezea. Kwa hakika haina vingi hivyo. Ilicho nacho ni sheria chache zinazomshika kila mtu, na tofauti hiyo ni kubwa.

Turudi kilimani. Mchezaji anaziangalia nyasi: zinainamia upande wa kambi, maana yake upepo unatoka nyuma yake. Anaweka chini mzigo wa kuni na jiwe la gumegume, analipiga kwa upanga, cheche zinaruka, kuni zinashika. Anavuta upinde na kuisogeza ncha ya mshale kwenye ndimi za moto. Mshale ni wa mbao, kwa hiyo unawaka. Sasa haulengi kwa adui. Anaulenga kwenye nyasi zilizo upande wa huku wa kambi, anauachia.

Nyasi zinashika, na upepo unausukuma moto mbele. Bokoblin wanaruka, wengine wanakimbia ovyo wakiwa wanaungua. Rungu moja lililoegemezwa linawaka na kuteketea, hivyo mwenye rungu hilo hana tena cha kupigania. Moto unafika kwenye mapipa. Mlipuko unawarusha wawili hewani na kuacha nyama chini, na nyama hiyo, ikiwa imelala juu ya nyasi zinazowaka, inageuka kuwa nyama iliyoiva. Juu ya nyasi zinazoungua hewa moto inapanda. Mchezaji anakimbilia ukingo wa moto, anafungua paraglaida yake, kitambaa cha kuelea angani, hewa inamnyanyua. Akiwa angani anavuta upinde tena, muda unapungua kasi, anampiga mlinzi wa jukwaani kichwani. Kisha anatua. Anatua mahali pabaya, kwenye nyasi ambazo bado zinawaka, na ngao yake ya mbao inashika moto mgongoni.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka lisipitwe haraka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: gemu nyingi zingempa mchezaji moto kama silaha na kumkinga dhidi ya moto wake mwenyewe, au zingempunguzia madhara ili asikasirike. Hapa moto haumjui aliyeuwasha. Haujui nani ni shujaa wa hadithi na nani ni kiumbe aliyewekwa pale ili auawe. Unajua mbao, unajua nyasi, unajua mwili. Ngao ya Link, mhusika anayeendeshwa na mchezaji, inaungua kwa sababu ile ile iliyoliunguza rungu la Bokoblin.

Mbunifu wa kawaida angeweza kuutengeneza mfuatano huu wote kwa mkono. Angeandika kwamba mapipa ya kambi hii yakipigwa na mshale wa moto yalipuke, na maadui wa karibu waruke. Lingependeza mara ya kwanza. Lakini ukisimama juu ya kilima kingine na kujaribu jambo lingine, tuseme kulitupa rungu linalowaka badala ya kurusha mshale, kimya. Mbunifu hakuliwazia. Mchezaji hujifunza haraka sana pale anapogonga ukuta wa namna hii. Baada ya majaribio machache huacha kuuliza "je, nikifanya hivi?" na huanza kuuliza "mtengenezaji alitaka nifanye nini?" Swali la pili linapoingia kichwani, mazingira yameshakufa, hata kama majani yanatikisika kwa uzuri wa kustaajabisha.

Namna Nintendo walivyolikwepa hilo walieleza wenyewe kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu, GDC, mwaka 2017, kupitia mwongozaji Hidemaro Fujibayashi, mkurugenzi wa ufundi Takuhiro Dohta na mkurugenzi wa sanaa Satoru Takizawa. Pamoja na injini ya fizikia, inayokokotoa mwendo wa vitu, walijenga kile walichokiita injini ya kemia, inayokokotoa hali ya vitu. Fizikia inajibu gogo litabingirika wapi. Kemia inajibu kama gogo hilo linawaka, limelowa au limeganda. Injini hii ya pili imesimama juu ya kanuni tatu. Nguvu za asili, kama moto, maji, umeme na upepo, zinaweza kubadili hali ya kitu: moto unaunguza mbao. Nguvu za asili zinaweza kubadiliana zenyewe kwa zenyewe: maji yanazima moto. Na vitu haviwezi kubadili hali ya vitu vingine: gogo likiliangukia jiwe, kilichotokea ni cha fizikia, kemia haina la kusema.

Kanuni ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, maana inakataa. Wabunifu wengi huorodhesha yanayowezekana. Hawa waliandika pia kisichowezekana, na kwa kufanya hivyo wakapunguza kazi kwa kiasi kikubwa sana. Chukua hesabu rahisi. Gemu ina aina 100 za vitu. Ukiruhusu kila kitu kibadilishe kila kingine, una jozi 4,950 za kufikiria, bila kuhesabu kitu kukutana na mwenzake wa aina ile ile. Ukisema vitu vinabadilishwa na nguvu tano tu, na kila kitu kinatambulishwa kwa alama ya kile kilichotengenezwa nacho, basi unachoandika ni namna mbao inavyouitikia moto, namna chuma kinavyouitikia umeme, na kadhalika. Ukiongeza rungu jipya kesho, unalipa alama ya mbao na limeshajua kuungua. Hakuna anayekaa kulifundisha.

Kabla ya kuingia kwenye ulimwengu wa pande tatu walilijaribu wazo hili katika gemu ndogo ya majaribio yenye sura bapa ya Zelda ya kwanza, ile ya mwaka 1986. Huu ni uamuzi ambao studio zenye pesa nyingi huona aibu kuuchukua. Picha nzuri huficha udhaifu wa kanuni: moto wenye mwanga na moshi mzuri utasamehewa hata kama hauunguzi chochote. Moto wa vidoti vichache hauna cha kujifichia. Ukifurahisha ukiwa hivyo, umefurahisha kwa kile unachokitenda.

Sasa tuirudie kambi ile ile siku ya mvua. Kila kitu kiko palepale, ila anga imefunga. Mchezaji anagonga gumegume, kuni hazishiki. Hata angekuwa na mishale maalumu ya moto iliyonunuliwa, isingewaka. Moto wa Bokoblin, kama haujakingwa na paa, umezimika, na mpango mzima uliofanya kazi jana umekufa. Wachezaji wengi hukasirika hapa, hasa kwa kuwa mvua hiyo hiyo inafanya miamba iteleze na kupanda kuwe adha. Kuhusu kupanda nakubaliana nao. Mvua inamnyang'anya mpandaji uwezo bila kumpa chochote mkononi. Anachobaki nacho ni kungoja, na kungoja si kucheza. Alama za utabiri zilizo pembeni mwa skrini zinasaidia kiasi, lakini mtu aliyefika katikati ya mwamba hana pa kupeleka utabiri.

Kambini lakini mvua ni jambo jingine kabisa. Imechukua moto, imeleta umeme. Mwili uliolowa unaumizwa zaidi na umeme, na mshale wa umeme ukipiga mahali penye maji unasambaza madhara kwa eneo pana. Mvua ikigeuka kuwa ya radi, chuma chochote kinaita radi: upanga ulio mgongoni mwa Link unaanza kutoa cheche kama onyo, na asipouvua, atapigwa. Mchezaji mwerevu anauvua na kuutupa karibu na Bokoblin, kisha anakimbia. Radi inaujia upanga. Hakuna mhusika aliyemfundisha hilo, wala hakuna misheni inayolidai. Ameligundua kwa kuwa jana radi ilimuua yeye, na akajiuliza kama ingeweza kuwaua wengine. Adhabu imegeuka kuwa maarifa, na imegeuka hivyo kwa sababu tu sheria ilikuwa moja kwa wote. Kama radi ingekuwa inamlenga mchezaji peke yake, asingekuwa na cha kujifunza zaidi ya kukimbia.

Ndiyo maana nasema mvua hii haiwezi kuondolewa ili kuwapendeza waliokasirika. Siku moja ambayo moto unakataa kuwaka ndiyo inayothibitisha kwamba siku nyingine zote uliwaka kwa sababu. Ulimwengu usioweza kukukatalia haujakuitikia, umekutii tu.

Moto wa nyasi haukuanzia Hyrule. Oktoba 2008 Ubisoft Montreal walitoa Far Cry 2, na moto wake mpaka leo unastahili heshima. Nyasi kavu zilishika kwa chupa ya petroli, kwa bunduki ya kurusha moto, au kwa gari lililolipuka, na moto ukaenda na upepo. Ardhi iligawanywa kuwa miraba midogo, kila mraba ukiwa na kiasi cha uhai. Moto ulikula uhai wa miraba ya jirani, na upepo ukaharakisha upande unakoelekea. Ukiulinganisha moto kwa moto, ule wa Far Cry 2 unatisha zaidi. Unasambaa kwa hasira, unafukuza watu, na ukicheza vibaya unakuzingira wewe mwenyewe.

Tofauti inaonekana ukiuliza moto huo unaongea na nani. Katika Far Cry 2 moto ni mfumo wa kina unaosimama karibu peke yake: unaunguza mimea, unaumiza watu, unalipua magari na mitungi. Hyrule moto ni mwepesi, haufiki mbali, na mara nyingi huzimika wenyewe haraka, lakini una jamaa wengi. Unayeyusha barafu, unapasha mwili joto mlimani penye theluji, unaivisha tofaa, unawasha mshale, unaunguza miiba iliyoziba njia, unanyanyua paraglaida. Far Cry 2 waliuchimba moto kwenda chini. Breath of the Wild waliutandaza. Sioni kwamba mmoja ni bora kwa kila gemu. Gemu ya vita inayotaka hofu ya moto itafaidika na njia ya kwanza. Gemu inayotaka mchezaji apange mbinu zake mwenyewe kwa mamia ya saa inahitaji ya pili, maana kila jamaa mpya wa moto anaongeza uzito wa yote mchezaji aliyokwisha kujifunza kuuhusu.

Kuna washiriki wengine wa kisa hiki ambao wachambuzi huwasahau: Bokoblin wenyewe. Mazingira yanayotumiwa na mchezaji tu ni sanduku la vifaa vyake. Bokoblin akiwa na rungu la mbao karibu na moto anaweza kuliwasha na kukujia nalo. Akipoteza silaha anaangaza macho na kuokota nyingine iliyo karibu, hata kama ni yako uliyoiangusha. Ni akili ndogo, na inarudiarudia ukiiangalia kwa muda mrefu, lakini inatosha kumfanya mchezaji ausome uwanja wa vita kama mahali ambapo watu wawili wanaona vitu vilevile. Binafsi ningependa iende mbali zaidi. Bokoblin wanapoona nyasi zinawaka, mara nyingi hawajipangi kuukwepa moto. Wanakimbia ovyo wakiungua, wanalia, wanazimika. Hapo adui anakuwa kitu cha mbao chenye miguu, na mapambano yanapoteza nusu ya utamu ambao yangeweza kuwa nao.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye kumbukumbu. Nyasi zimeungua, ardhi ni nyeusi, mapipa hayapo. Mchezaji akienda mbali na kurudi, nyasi zimesimama kama zamani. Maadui hubaki wamekufa mpaka mwezi mwekundu uchomoze, tukio linalosukumwa na saa ya ndani ya gemu ya takribani dakika 168 za kucheza, na hapo kambi nzima hufufuka ikiwa na silaha zake. Hadithi inatoa sababu ya kiuchawi, na ninaikubali kama hadithi. Lakini tuseme lilivyo: ulimwengu huu unaitikia sana na unakumbuka kidogo sana. Ulichokifanya kwa werevu wote jana hakikuacha kovu.

Sababu zake ni za kweli. Kumbukumbu ya mashine ina kikomo, na ramani yenye kila mraba uliowahi kuungua, kila mti uliokatwa na kila tofaa lililookwa ingejaza akiba haraka. Iko sababu nyingine ya kibunifu: mchezaji angekata misitu yote wiki ya kwanza, na wiki ya pili asingekuwa na kuni. Bado nadhani palikuwa na nafasi ya kati. Si lazima kila unyasi ukumbukwe. Kambi moja iliyochomwa ingeweza kujengwa upya kwa mawe badala ya mbao, au Bokoblin wake wangeweza kufyeka nyasi zilizowazunguka. Mabadiliko mawili au matatu kwa kila kambi ni data kidogo, na yangemwambia mchezaji kwamba alionekana.

Halafu kuna nyumba za Hateno, kijiji kimoja cha Hyrule. Ni za mbao, zina milango ya mbao, na hazishiki moto hata ukae usiku kucha ukizirushia mishale. Hapa kanuni imevunjwa waziwazi, na naona ilikuwa sahihi kuivunja. Kijiji kikiungua, wauzaji na watoa misheni wanapotea, na gemu inaweza kukwama. Kinachonishangaza ni jinsi wachezaji wachache wanavyolilalamikia hilo. Nadhani ni kwa sababu kijiji kina mdundo wake: muziki unabadilika, watu wanasalimia, hakuna adui ndani. Mchezaji haingii Hateno akiwa na mawazo ya kuwasha moto, kwa hiyo mpaka wa sheria haugusi matamanio yake. Kuta zilizowekwa mahali ambapo hakuna anayetaka kupita haziumizi. Ubaya ungekuwa kama nyasi za kambi moja zingewaka na za kambi jirani zikakataa bila sababu. Kosa moja la namna hiyo, lenye ukubwa wa mita kumi tu, lingeharibu imani kuliko kijiji kizima kisichoungua.

Miaka sita baadaye, tarehe 12 Mei 2023, ukaja mwendelezo wake, Tears of the Kingdom, ukimruhusu mchezaji kubandika karibu chochote kwenye chochote. Kwenye GDC ya mwaka 2024 Dohta na wenzake walieleza kilichowasumbua. Vitu vilivyokuwa vikiendeshwa kwa mwendo uliopangwa, bila kutii fizikia, vilipokutana na vitu vinavyoitii, ulimwengu ulivunjika: vitu vilipenya, vilirushwa, vilijiumauma. Wangeweza kuzuia kwa kukataza, waseme lango hili halibandikwi na gurudumu lile haliguswi. Waliamua kinyume chake, kwamba kila kinachoweza kuguswa kiendeshwe na fizikia, bila msamaha. Lango likawa na uzito wake na likawa linaweza kuzuiwa na gogo kama lango lolote. Kazi iliongezeka kwa kila idara, hadi ya sauti, kwa kuwa hakuna tena aliyeweza kujua mapema kitu gani kitagongana na kipi ili arekodi mlio wake. Sauti nazo ilibidi zitokane na kanuni.

Kwa studio ndogo inayosoma kisa hiki, ningeshauri isianze na orodha ya vitu. Ichague nguvu mbili, tuseme maji na moto, na aina tatu za vitu, izijaribu kwenye uwanja mtupu wenye maumbo ya rangi moja, na imwache mtu asiyeijua gemu hiyo acheze bila maelekezo. Kitu cha kutazama ni wakati anapoumizwa kwa mara ya kwanza na jambo alilolianzisha mwenyewe. Akilaumu gemu, kuna kanuni ambayo haikuonekana mapema au haikumgusa adui wake kwa namna ileile, na hiyo irekebishwe kabla ya kuongeza nguvu ya tatu.